Kompyuta Haikuanguka: Maoni juu ya Istilahi za Hitilafu katika Miongozo ya Mashine

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki baadhi ya istilahi zitumikazo katika miongozo ya Kiswahili inayomweleza mtu jinsi ya kutafuta kiini cha hitilafu katika kompyuta ya nyumbani. Si nia yangu kuwakejeli wafasiri, kwani kazi yao ni ngumu na ujira wake ni haba. Hata hivyo, istilahi mbaya ina gharama, na aghalabu anayeilipa si mfasiri.

Natoa mfano wa mwalimu mmoja wa sekondari ninayemfahamu. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa ikijizima kila baada ya nusu saa hivi, na kabla ya kujizima ilitoa sauti ya kupanda na kushuka. Katika kijitabu cha maelekezo alikuta sura iitwayo "Kompyuta Ikianguka". Akaipita, kwa kuwa kompyuta yake haijapata kuondoka mezani. Akaenda kwenye sura ya "Makosa ya Mfumo", na humo akashauriwa kufuta diski na kuweka mfumo upya. Akafuta. Alama za mitihani za vidato viwili zikapotea, na siku ya pili yake mashine ikajizima tena kama kawaida. Fundi alipoifungua alikuta feni ya kupoza imeziba kwa vumbi. Dawa yake ilikuwa brashi.

Dosari ya kwanza ya kijitabu hicho ni neno kuanguka. Yafaa tuwe waadilifu: Kiswahili hakiikatai sitiari hii. Serikali huanguka, biashara huanguka, na kwa wenzetu wa Kenya mwanafunzi huanguka mtihani. Ubaya wa neno hili si ugeni wake, bali ni kwamba limebebeshwa matukio manne ambayo fundi hayachanganyi:

(i) Kompyuta huganda: picha ingali kwenye kioo, lakini kipanya na kibodi haviitikii.

(ii) Husimama: mfumo wenyewe hugundua hitilafu usiyoweza kuivumilia, ukaacha shughuli zote na kuandika ujumbe kiooni.

(iii) Hujizima: umeme hukatika ndani yake, kioo kikawa cheusi na feni zikanyamaza.

(iv) Hujiwasha upya bila ya kuamriwa.

Kila tukio humwelekeza mtafutaji upande wake. Ajizimiwaye ghafla huanza na joto au umeme. Asimamishiwaye kwa ujumbe huanza na kumbukumbu ya mashine au programu zinazoendesha vifaa. Tena tukio la nne laweza kulificha la pili. Mfumo wa Windows XP, uliotoka mwaka 2001, ulikuja umepangwa kujiwasha upya mara tu usimamapo, hata ujumbe ukapita kabla haujasomwa. Mwongozo wenye maneno mawili, kusimama na kujiwasha upya, ungeweza kumwambia msomaji aondoe kwanza mpango huo ili ausome ujumbe. Mwongozo wenye neno moja tu, kuanguka, hauwezi hata kulieleza jambo hili.

Maneno hayo manne hayahitaji kubuniwa. Vijana husema simu imeganda, na husema inajizima. Katika gereji zetu gari likipata joto kupita kiasi husemwa kuwa limechemka, na dereva hutazama rejeta bila kuambiwa. Mfasiri akiandika kwamba kompyuta imechemka, msomaji atatafuta chombo cha kupozea. Akiandika "ongezeko la joto la kichakataji kupita kiwango stahilifu", msomaji atafunga kitabu.

Dosari ya pili ni neno kengele. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo; lakini asikiaye mbiu hana budi kujua imetoka wapi na inaita kwa jambo gani. Kijitabu kinaagiza: kengele ikilia, zima. Kengele ipi? Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, mlio mmoja mfupi wakati wa kuwasha ulimaanisha kwamba mashine imejichunguza na kujiona salama, ilhali mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ulielekeza kwenye kadi ya kioo. Watengenezaji wa baadaye waliweka kila mmoja hesabu yake; kwa hiyo mtumiaji hana budi kuhesabu milio, kutenga mirefu na mifupi, kisha kutazama kitabu cha mashine yake mwenyewe. Sauti ya kupanda na kushuka wakati wa kazi, kama ile ya mwalimu wetu, katika mashine nyingi ni onyo la joto au la feni iliyosimama. Tena iko sauti isiyo ya kompyuta kabisa: kisanduku cha akiba ya umeme hulia kila umeme ukatikapo, na baadhi yake hulia betri ichokapo. Asiyeambiwa hayo ataifungua kompyuta nzima bure.

Napendekeza basi kwamba mlio utumike kwa kila sauti fupi ihesabikayo, na king'ora kwa sauti ya kupanda na kushuka au isiyokoma. Kengele ibaki kwa shule na baiskeli. Wako wanaopendelea neno bipu. Lakini neno hilo limekwisha kupata kazi nyingine, kwani kumbipu mtu ni kumpigia simu na kukata kabla hajapokea.

Dosari ya tatu ni neno kosa. Katika Kiswahili kosa lina mkosaji. Mwalimu aliposoma kwamba mfumo una makosa alidhani ni yeye aliyeyatenda, na mtu anayejiona mwenye hatia huwa mwepesi kutii agizo la kufuta. Hitilafu haimtuhumu mtu.

Huenda ikasemwa kwamba istilahi moja ya kigeni yapasa kupata istilahi moja ya Kiswahili, ili usanifishaji usivurugike. Hoja hii ina uzito panapokuwa na kitu kimoja. Lakini hapa neno la kigeni lenyewe ni legevu, na fundi wa huko naye, akishaambiwa neno hilo, hulazimika kuuliza: iliganda, au ilizimika? Hatuna sababu ya kuurithi ulegevu wa wengine kwa jina la usanifu.

Tutazame jinsi maelekezo yale yale yangeweza kusomeka: "Kompyuta ikijizima baada ya kufanya kazi kwa muda, au ikitoa king'ora, huenda imechemka. Usifute kitu. Izime, chomoa waya wa umeme, uiache ipoe. Fungua ubavu wake, tazama kama feni zimeziba, ondoa vumbi kwa brashi kavu. Iwashe tena, uangalie kama feni zote zinazunguka. Ikiwa inasimama kwa ujumbe, nakili ujumbe huo kwenye karatasi kabla ya kufanya lolote. Hati zako zitoe nakala kwanza. Kuweka mfumo upya ni hatua ya mwisho." Hakuna humo neno hata moja ambalo mwalimu yule hakulijua.

Wafasiri, walimu na watumishi wa ofisi walio na maneno mengine yatumiwayo na mafundi wa sehemu zao wanaombwa wayalete, wakieleza kila neno hutajwa mashine ikifanya nini hasa. Maelezo hayo ya mwisho ndiyo tunayoyahitaji zaidi.