Asili ya Kiswahili: Tupime kwa ushahidi, si kwa manufaa

MJADALA kuhusu asili ya Kiswahili haukosi kuzua joto darasani mwangu. Juzi mwanafunzi mmoja alisimama akasema: "Mwalimu, si tuseme tu Kiswahili ni Kibantu? Inatufaa. Inatuunganisha Waafrika." Wenzake wakampigia makofi. Nami nilikubaliana na kauli yake, ila sababu yake ilinikera.

Hoja yake si ngeni. Mnamo 1877, Mwingereza W.K. Clifford alishikilia kuwa ni kosa kuamini jambo lolote pasi na ushahidi wa kutosha. Alitoa mfano wa mwenye meli aliyejiaminisha kwamba chombo chake kikuukuu kingefika salama, kwa kuwa imani hiyo ilimwepushia gharama za ukarabati. Mnamo 1896, Mmarekani William James alimjibu kuwa yapo mambo tuliyo na haki ya kuyaamini hata kabla ya ushahidi kutimia. Wengi humtaja James wakasahau mpaka aliouweka: haki hiyo ipo tu pale ambapo ushahidi wenyewe hauwezi kukata shauri, nasi hatuwezi kukwepa kuamua.

Sasa, je, asili ya Kiswahili ni suala la aina hiyo? La hasha! Ushahidi upo tele. Wingi wa kitabu katika Kiarabu ni kutub. Mswahili alilichukua neno hilo akalitia katika ngeli zake: kitabu, vitabu, sawa na kiti, viti. Mgiriama husema mutu na atu. Mswahili, mtu na watu. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993, walilinganisha sauti, msamiati na sarufi, wakakiweka Kiswahili katika kundi la Sabaki pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro. Maneno yenye asili ya Kiarabu ni mengi, naam, lakini kukopa msamiati si kubadili ukoo.

Manufaa nayo ni kigeugeu. Enzi za ukoloni, kuhesabiwa Mwarabu katika pwani yetu kulikuwa na nafuu kuliko kuhesabiwa "mwenyeji". Kwa kipimo cha mwanafunzi wangu, basi, Kiswahili kilikuwa Kiarabu wakati ule na ni Kibantu leo. Kesho je?

Nakiri kwamba nami kwa miaka kadhaa niliifundisha kweli hii kama wimbo wa uzalendo, bila kuwaonyesha wanafunzi ngeli wala mnyambuliko wa vitenzi. Niliwapa jibu sahihi nikawanyima njia ya kulifikia. Ndiyo maana leo yeyote mwenye manufaa makubwa zaidi anaweza kuwapokonya jibu hilo.

Kipindi kijacho tutaanza na kitabu na kutub. Makofi yatasubiri.