Folda yenye kishale

Mpwa wangu alinijia Jumapili moja na flashi mkononi, uso umesawijika. Ripoti yake ya fildi alikwenda kuiprinti steshenari jirani na chuo, na aliporudi chumbani kila folda kwenye flashi ilikuwa imeota kishale kidogo kwenye kona ya chini kushoto. “Mjomba, zote zimekuwa KB mbili,” alisema. Wenzake walishamshauri aifomati flashi aanze upya. Uvivu ulimwokoa.

Kabla ya kugusa kitu nilimwonyesha jambo moja. Ukibofya kulia ikoni ya flashi na kuangalia nafasi iliyotumika, kiasi kilikuwa palepale, zaidi ya GB 3. Folda tano za KB mbili haziwezi kujaza GB 3. Ripoti haikwenda popote, ilifunikwa tu. Na namna ilivyofunikwa ndiyo habari yenyewe, kwa sababu kirusi cha aina hii hakina uhandisi wa kutisha. Ujanja wake wote ni kujua vitu ambavyo Windows inakuficha, kisha kujibanza humohumo.

Kazi ilifanyika hivi. Kompyuta ya steshenari ilikuwa imeshaambukizwa, na ndani yake kulikuwa na programu ndogo iliyokaa macho ikingoja chombo kipya kichomekwe. Flashi ilipoingia, programu ile ilijinakili humo kama faili dogo la skripti, kisha ikazipa folda zote alama mbili: h, ya kitu kilichofichwa, na s, ya kitu cha mfumo. Alama ya kwanza peke yake ingekuwa kero ndogo, maana watu wengi wanajua kuamuru mafaili yaliyofichwa yaonekane. Ya pili ndiyo yenye sumu. Kitu chenye alama zote mbili Windows hukihesabu kuwa kiungo chake cha ndani, na hukiweka nyuma ya mpangilio mwingine kabisa unaokuonya kabla hujaugusa. Hata ukienda kwenye sifa za folda ili uondoe tiki ya kufichwa, unakuta kisanduku kimepauka, hakibonyezeki.

Kisha kirusi kinatengeneza shotikati kwa kila folda iliyofichwa, jina lilelile, ikoni ileile ya manjano. Shotikati si folda. Ni amri iliyovikwa picha. Mpwa wangu alipobofya “Ripoti”, aliamuru mambo mawili kwa mpigo mmoja: kwanza wscript.exe, ambayo ni programu halali ya Windows ya kuendesha skripti, iendeshe kirusi. Pili, folda halisi ifunguke. Hapo aliyekitunga nampa haki yake. Folda inafunguka, ripoti inasomeka, mtu anaendelea na kazi zake. Nyuma ya pazia kirusi kimeshahamia kwenye diski ya laptopu, ndani ya folda ya AppData ambayo nayo imefichwa, na kimejiandikisha kwenye rejista ili kiamke kila kompyuta inapowashwa. Tangu dakika hiyo laptopu ya mpwa wangu ikawa steshenari ya pili. Flashi ya mwenzake wa chumba iliambukizwa jioni ileile.

Kwa nini shotikati? Kwa sababu mlango wa kwanza ulizibwa. Zamani Windows ilikuwa ikikuta faili liitwalo autorun.inf kwenye flashi, inalisoma na kutii. Conficker, kirusi kilichozuka Novemba 2008, katika matoleo yake yaliyofuata kiliutumia mlango huo kwa namna inayokaribia kuchekesha: kidirisha kinachotokea ukichomeka flashi kilikuonyesha chaguo la kufungua folda uone mafaili, lenye ikoni ya folda, kumbe chaguo hilo limewekwa kwenye sehemu ya kuendesha programu. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 haikuitii tena autorun.inf ya flashi, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuzifanya XP na Vista nazo zikatae. Watunzi wa virusi wakahamia kwenye kitu ambacho hakuna sasisho la kukizima, yaani kidole chako. (Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, haikuhitaji hata kidole. Kuitazama tu ikoni ya shotikati kulitosha, kwa sababu ya kasoro katika namna Windows ilivyozichora ikoni hizo. Kasoro ilizibwa Agosti mwaka huohuo. Lakini Stuxnet ilitumwa kuharibu mashine za kurutubisha urani kule Natanz, Iran; kwa ripoti ya fildi walitumia njia rahisi.)

Babu wa hila hii ni ILOVEYOU, ile barua pepe iliyotoka Ufilipino tarehe 4 Mei 2000 na kuizunguka dunia kwa siku moja. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Tangu Windows 95, mfumo huu umezoea kuficha kiendelezi cha faili unalolijua, kwa hiyo wapokeaji wengi waliona jina likiishia kwenye TXT, wakadhani ni maandishi matupu. Waliofungua waliendesha skripti iliyojituma kwa kila jina kwenye kitabu chao cha anwani, na ikaharibu mafaili yao ya picha njiani. Miaka zaidi ya 25 imepita na kompyuta mpya bado inakuja dukani ikiwa inaficha viendelezi. Mimi siuelewi ukaidi huu. Kuviwasha ni kazi ya sekunde kumi kwenye menyu ya mwonekano ya dirisha la mafaili, na “ankara.pdf” inayogeuka kuwa “ankara.pdf.exe” mbele ya macho yako inakufundisha zaidi ya semina.

Ila hapa kuna kona ambayo wengi hawaijui. Kiendelezi cha shotikati ni .lnk, na hicho Windows haikionyeshi hata ukiwasha viendelezi vyote. Kimewekewa katazo lake chenyewe kwenye rejista. Kwa folda za flashi, basi, ushahidi wako ni kile kishale, au safu ya aina ya faili ukipanga orodha kwa maelezo kamili. Folda haina kishale. Folda haina ukubwa wa KB mbili.

Kusafisha kuna mpangilio wake, na watu wengi huanza na flashi, na hilo ni kosa. Ukisafisha flashi wakati kirusi kiko hai kwenye laptopu, baada ya muda mfupi folda zinavaa vishale tena na unaanza kudhani umerogwa. Tulianza na laptopu. Tulichomoa flashi, tukasasisha Microsoft Defender, ambayo inakuja na Windows bila malipo, tukachagua ule ukaguzi unaoiwasha kompyuta upya na kupekua diski kabla Windows haijapanda, ili kirusi kikamatwe kikiwa bado usingizini. Ndipo flashi ikachomekwa, ikakaguliwa bila kufunguliwa, na kwenye dirisha jeusi la amri tukaandika mstari mmoja, F: ikiwa herufi ya flashi:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Alama za kutoa zinavua kufichwa, zuio la kuandika na ile hadhi ya uongo ya mfumo. /S inaingia hadi folda za ndani, /d inazihusisha folda zenyewe. Ripoti ikatokea na ukubwa wake wote. Shotikati na mabaki ya skripti tukayafuta.

Kinga ni habari ndefu, nitasema ninachokifanya nyumbani. Kwenye steshenari sipeleki flashi yenye maisha yangu. Napeleka flashi ya buku chache yenye PDF moja tu, au naituma PDF kwenye namba ya duka. Sifungui barua pepe yangu kwenye kompyuta yao, maana wanaosahau kutoka ni wengi kuliko wanaokumbuka. Programu za kukraki sizigusi, kwa sababu maelekezo yake karibu yote huanza na kuzima antivirusi, na mtu anayekuomba ufunge mbwa kabla hajaingia uani ameshakueleza nia yake. Masasisho nayaacha yashuke usiku kwa bando la usiku. Najua kwa nini watu huyazima, yanakula bando. Lakini WannaCry ya tarehe 12 Mei 2017 iliingia bila mtu yeyote kubofya chochote, kupitia kasoro ambayo Microsoft ilishaiziba tarehe 14 Machi. Karibu miezi miwili dawa ilikuwepo. Wenye Windows 10 nao wajue kuwa masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Na nakala za akiba ziko kwenye diski ya nje ninayoichomoa nikimaliza, kwa kuwa kirusi kinachofunga mafaili ili kidai fidia hufunga kila diski kinayoikuta imechomekwa.

Jumatatu tulirudi steshenari. Nilitaka tu kumtahadharisha binti anayehudumia, nikamuuliza kwa upole kama mashine ile ina antivirusi.

“Ilikuwepo, baba,” alisema. “Tuliizima. Ilikuwa inafuta folda za wateja, wanakuta flashi tupu, wanatugombeza.”

Alikuwa anasema kweli. Antivirusi ilizifuta shotikati, kama inavyotakiwa, lakini alama za h na s ikaziacha kwenye folda halisi. Mteja alichokiona ni flashi nyeupe. Nikamwomba kalamu, nikamwandikia ule mstari wa attrib kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwa selotepu ukutani juu ya printa.