Kwenda Tamashani kwa Mashua

Kila mwaka Lamu ikifanya Tamasha la Utamaduni, aghalabu mwezi wa Novemba, wageni wengi hufika kwa ndege uwanjani Manda, au kwa basi hadi Mokowe wakavuka kwa boti ya mashine. Hukuta mbio za punda, bao, mashairi na hina. Siku ya mbio za mashua ndiyo kilele, mji ukamiminika ufukweni kushangilia. Mimi huwashauri rafiki zangu wafike kwa njia nyingine: waombe nafasi katika mashua inayotoka Faza, Siyu au Kizingitini, kule kisiwani Pate, ikielekea tamashani kwa tanga. Mbio zitawaonyesha mwendo wa mashua. Safari itawaonyesha ubaharia wenyewe, nao ndio ninaotaka kuusifu.

Safari hiyo huanza kwa hesabu. Novemba ni tangambili: kusi imekwisha nguvu na kaskazi haijashika, basi upepo wa asubuhi si wa jioni. Tena kuna Mkanda, ule mlango mwembamba unaotenga Manda na bara, mikoko huku na huku. Kwa miaka mingi, maji yakipwa, Mkanda haukuwa na kina cha kupitisha chombo chenye mzigo. Ilikuwa lazima upitwe maji yakiwa yamejaa. Na maji hayaji saa ile ile kila siku, huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huwa bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, yanayopanda kidogo tu. Nahodha huyaweka yote hayo kichwani: tarehe ya mwezi, uzito wa shehena, upepo anaoutarajia, na umbali wa kufika Mkanda. Aliyechelewa, mashua yake ililala topeni mpaka maji yarudi. Nimewaona wazee wakiamua saa ya kung'oa nanga kwa kutazama alama ya maji kwenye mguu wa mkoko, na mashua ikaingia Mkanda wakati ule ule walioutaja.

Kisha hutwekwa tanga. Foromali, mti unaobeba tanga, ni mrefu na mzito, na mabaharia huupandisha kwa kuvuta henza, kamba ya kuupandishia, kwa pamoja, sauti moja ikiongoza na nyingine zikiitika. Wimbo ule una kazi: asiyefuata mapigo yake huvuta peke yake, na nguvu yake ikapotea. Tanga likishiba upepo, kazi huhamia kwenye demani, kamba inayoshika pembe ya nyuma. Aliyeishika huilegeza na kuikaza kidogo kidogo, akisikia kwa kiganja kile ambacho sisi abiria hatujakiona bado, kwamba upepo unapanda au unakaribia kuzunguka.

Mtu akitaka kupima mabaharia, awatazame wakati wa kugeuza chombo. Tanga la mashua haligeuki lenyewe. Nahodha huelekeza tezi, yaani nyuma ya chombo, upepo ulikotoka, demani huachiwa, tanga hupeperuka mbele likivuma, na foromali husimamishwa karibu wima ili mguu wake upitishwe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Kisha demani huvutwa upya kabla upepo haujalijaza tanga. Yote hayo ni ya muda mfupi, na kila mtu ana mahali pake na kamba yake. Aliyezubaa anaweza kutupwa baharini au kuvunja foromali. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini: amri ni moja, fupi, na mikono imekwisha kuanza kabla neno halijaisha.

Ujuzi huo huo ndio unaoshinda mbio. Mashua ikienda bisho, yaani kuukabili upepo, ubao mrefu hutokezwa upande wa joshini, upepo unakotoka, na mabaharia wakaukalia, miguu ikining'inia juu ya maji, ili uzito wao uizuie mashua isilale. Magunia ya mchanga huhamishwa kila inapogeuka. Watazamaji hushangilia tanga linalotangulia, nao wana haki. Lakini ushindi umetengenezwa zamani, katika miaka ya kupeleka samaki, boriti na matumbawe ya kujengea, ambapo kosa moja lilimaanisha mzigo kulowa na watoto kulala njaa.

Nao mafundi wasisahauliwe. Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, vyombo vingi vimejengwa bila mchoro wowote wa karatasi. Fundi huanza na mkuku, kisha hutafuta mataruma, mbavu za chombo, katika matawi yaliyopinda yenyewe, kwa kuwa mti uliokua umepinda hushinda uliokatwa ukapindishwa. Nafasi kati ya mbao hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, kuwazuia wadudu wa baharini wanaokula mti.

Ustadi huu ni mkongwe. Mfanyabiashara Myunani wa Misri aliyeandika mwongozo wa bahari yetu katika karne ya 1 alitaja vyombo vya kushonwa katika bandari ya kale ya Rhapta. Mwaka 1938 Alan Villiers, Mwaustralia aliyekuwa amekwisha kuizunguka dunia kwa meli yake ya matanga, alipanda Aden jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasir Al-Nejdi akaja nalo pwani yetu hadi Rufiji kulikopakiwa boriti za mikoko. Baharia wa kiwango chake alikubali kuketi na kujifunza, akaandika kitabu kizima. Iweje sisi wenyewe tuone ni kazi ya wasiosoma?

Na ustadi hufa. Mtepe, chombo cha visiwa hivi hivi vya Lamu, ulishonwa kwa kamba za nazi na kutwekwa tanga la mkeka. Mwaka 2003 mafundi walishona mmoja kwa ajili ya maonyesho ya Beit al Ajaib, Zanzibar, na ilikuwa kazi njema. Lakini baharia aliyekulia juu ya mtepe hayupo tena wa kuulizwa namna ulivyoitika kwenye mawimbi. Makumbusho yanaweza kutunza mbao na kamba. Hayawezi kutunza kiganja kinachosikia upepo kupitia demani; hicho hutunzwa na mtu anayefanya kazi, akiwa na kijana karibu yake.

Simlaumu mvuvi aliyefunga mashine. Inamrudisha nyumbani mapema na salama. Ninachosema ni kwamba tamasha la siku chache haliwezi kulisha ustadi wa mwaka mzima. Waandaaji watenge zawadi kwa vijana wanaosafiri kwa tanga kutoka vijijini kuja mjini, si kwa washindi wa mbio peke yao. Serikali ya kaunti iwaajiri manahodha wazee wafundishe wanafunzi baharini, na mafundi wa Matondoni wapewe njia halali ya kupata miti yao. Watalii na wenyeji walipe nauli ya mashua, na wasilalamike ikichelewa kwa sababu ya maji. Nawe msomaji, ukialikwa Lamu mwaka huu, ulizia mashua inayotoka Pate. Ukipewa kamba, ivute.