Usimulizi na Ushahidi katika Roving Mars: Uhakiki wa Filamu ya Makala kwa Jicho la Mtazamaji wa Terrat, Arusha

Roving Mars ni filamu ya makala ya dakika 40, iliyoongozwa na George Butler na kutolewa mwaka 2006 kwa ajili ya skrini kubwa za IMAX. Inahusu roboti mbili za Marekani, Spirit na Opportunity, zilizotua katika sayari ya Mirihi Januari 2004 kutafuta dalili za maji ya kale. Uhakiki huu unaichunguza kwa jicho la mtazamaji wa Terrat, kata ya pembezoni mwa Jiji la Arusha, ambaye skrini yake ni televisheni ya sebuleni au simu. Hoja kuu ni kwamba skrini ndogo hufichua kile ambacho skrini kubwa hukifunika: filamu imechanganya kilichoonwa na kilichokisiwa bila kuuweka wazi mpaka wake.

Kimuundo, filamu ina sehemu tatu: uundaji wa roboti, safari na kutua, kisha ugunduzi. Sehemu ya kwanza imejengwa kwa uaminifu. Wahandisi wanaonekana wakihangaika na parachuti zinazochanika katika majaribio, na mwanasayansi Steven Squyres anaeleza wasiwasi wake waziwazi. Sehemu ya pili ndiyo yenye mvuto mkubwa zaidi. Chombo kinapenya angahewa, parachuti inafunguka, mifuko ya hewa inadundadunda juu ya mawe. Hata hivyo, swali moja jepesi linatosha kuitikisa sehemu hiyo: ni nani aliyeshika kamera? Hakuna. Picha hizo ziliundwa kwa kompyuta na Dan Maas, kwa kufuata mpango halisi wa safari. Zimepangwa bega kwa bega na picha za chumba cha udhibiti, na muziki wa Philip Glass unazishona pamoja.

Kubuni si kosa. Watazamaji wa Tanzania wamezoea usimulizi unaoongeza chumvi. Lufufu, aliyevuma kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, aliongeza mengi. Lakini sauti yake ilisikika juu ya sauti ya filamu, na kila msikilizaji alijua kwamba chumvi ni ya Lufufu. Aidha, katika Kilimanjaro: To the Roof of Africa (2002) ya David Breashears, iliyotengenezwa pia kwa skrini kubwa, swali la kamera lina jibu: ilipandishwa mlimani na watu. Roving Mars haina jibu hilo wala alama ya chumvi.

Udhaifu huo unasikitisha kwa sababu filamu ilikuwa na ushahidi wa kutosha. Katika sehemu ya tatu, picha za mnato zilizopigwa na roboti zenyewe zinabaki na uzito hata kwenye simu: ardhi nyekundu, alama za magurudumu, matabaka ya miamba katika kreta ndogo alimotua Opportunity. Miamba hiyo, pamoja na punje za hematiti zilizotawanyika hapo, ilithibitisha kwamba maji yaliwahi kupita. Mtazamaji wa ukanda wa Mlima Meru hahitaji kushawishiwa sana. Kwao, miamba ya volkano hutia floridi katika maji, na floridi hiyo huacha rangi ya kahawia kwenye meno ya watu. Anajua kwamba mwamba na maji huachiana alama.

Kwa mantiki hiyo, thamani ya Roving Mars haimo katika ukubwa wa skrini, bali katika picha chache zisizosogea. Ikiwa filamu hii itasimuliwa kwa Kiswahili kwa wanafunzi, msimulizi wake afanye kile ambacho mwongozaji hakukifanya: aseme wapi tunaona, na wapi tunakisia. Mwanafunzi asiyefundishwa tofauti hiyo atatoka akiwa amestaajabu, lakini hatakuwa amejifunza jinsi sayansi inavyojua inachokijua.