Sikio la Fundi: Kupima Ubora wa Uchunguzi wa Milio ya Injini na Mikanda Uwandani Makonde

Ubora wa fundi wa magari ya zamani haupimwi kwa wepesi wa kufungua nati wala kwa wingi wa spana zilizomo sandukuni mwake, bali kwa kazi anayoifanya kabla spana yoyote haijashikwa: kuusikiliza mlio, kuutenga na milio mingine, na kukithibitisha chanzo chake kwa jaribio ambalo hata mwenye gari anaweza kulishuhudia. Katika wilaya za Masasi na Newala, pamoja na kata za uwandani kama Mnyambe, kipimo hiki kina uzito wa pekee, kwa kuwa magari mengi yanayotegemewa huko ni ya umri mkubwa, zikiwemo Land Cruiser za injini ya 1HZ, Hilux za dizeli, Land Rover zijulikanazo kama 109 na Noah zinazobeba abiria. Spea isiyopatikana Masasi mjini huagizwa Mtwara au Dar es Salaam, hivi kwamba altaneta iliyonunuliwa kwa kubahatisha humgharimu mwenye gari fedha zake na siku kadhaa za gari kulala bila kazi.

Mazingira yenyewe huchangia milio hiyo. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye urefu wa kilomita 210, kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi katika sehemu yake kubwa, na kichanga chekundu cha uwandani huingia katika mifereji ya puli, yaani magurudumu madogo yanayozungushwa na mkanda, kikaisugua hadi ikang'aa. Puli iliyong'aa haishiki mpira, na mpira usioshikwa huteleza, hupata moto na kuwa mgumu. Msimu wa korosho unapoanza Oktoba magari hupakiwa magunia na kupandishwa kingo za uwanda kwa gia ndogo, kisha mvua huingia na unyevu wake wa asubuhi. Mlio uleule, kwa hiyo, hauna maana moja Julai na Desemba, na fundi anayeuliza kelele ilianza lini, gari likiwa na mzigo gani, injini ikiwa baridi au imepata moto, amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi kabla boneti haijafunguliwa.

Kupambanua huanza kwa kutenganisha mdundo na sauti: mdundo ni kasi ya mlio kujirudia, na sauti ni uzito au wembamba wake. Kwa watu waliokua wakisikia ngoma ya sindimba jambo hili halihitaji maelezo marefu, maana ngoma mbili zaweza kufuata mdundo mmoja na bado kila moja ikajulikana kwa sauti yake. Katika injini ya mipigo minne, krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili kila kamshafti, mhimili unaofungua valvu, inapozunguka mara moja. Injini ikiwa sailensa, neno ambalo mafundi wa Tanzania hulitumia kwa mngurumo wa injini isiyokanyagwa mafuta, na mizunguko ikiwa 800 kwa dakika, krenki huzunguka takriban mara 13 kwa sekunde na kamshafti karibu mara 7. Hakuna sikio linaloweza kuhesabu kasi hiyo, lakini sikio lililozoea hutambua kwamba mlio fulani ni nusu ya mwingine, na utambuzi huo pekee huamua kama uchunguzi uelekee juu, kwenye valvu na tapeti zake, au chini, kwenye beringi za krenki.

Milio ya mkanda ndiyo inayosikika mara nyingi zaidi, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Mafundi husema kwamba belti inalia, lakini kilio hicho ni cha namna mbili zenye asili tofauti kabisa. Namna ya kwanza ni mlio mfupi unaokatika na kujirudia kama wa kifaranga, ambao huongeza kasi kadiri injini inavyokanyagwa. Huu kwa kawaida hutokana na puli zisizokaa katika mstari mmoja, pengine kwa sababu altaneta ilifungwa na wosha moja kupungua, au kishikilio chake kimepinda, au beringi ya puli imekwisha na kuifanya iyumbe. Namna ya pili ni ukelele mrefu usiokatika, unaojitokeza mkanda unapobebeshwa kazi ghafla: asubuhi mara tu baada ya kuwasha, wakati altaneta inapoirudishia betri chaji, au stelingi inapokatwa hadi mwisho na pampu yake kulemewa. Ukelele huo ni dalili ya kuteleza, na chanzo chake ni mkanda uliolegea, uliokauka au uliolowa oili inayovuja.

Kuna jaribio la maji linalozitenganisha namna hizi mbili, na gharama yake ni kikombe kimoja tu. Injini ikiwa sailensa, maji machache hunyunyizwa upande wa mkanda wenye mifereji, mikono na nguo zikiwa mbali na feni. Mlio ukinyamaza kisha ukarudi baada ya muda mfupi, kosa liko katika mpangilio wa puli, kwa sababu maji yameulainisha msuguano wa pembeni kwa kitambo tu. Ukizidi kuwa mkubwa, mkanda unateleza, na kukaza kwake ndiko kunakopaswa kuangaliwa. Hapa ndipo fundi bora anapojitenga na fundi wa kawaida, kwani wa pili, baada ya kusikia kilio, hupaka mkanda sabuni ya mche au nta ya mshumaa, gari huondoka kimya, na baada ya siku chache hurudi likiwa na mkanda ulioharibika zaidi. Kunyamazisha si kutibu, na mwenye gari anayekubali sabuni amelipia kimya cha safari moja. Kauli ya kwamba belti ibadilishwe kwanza ili ionekane kama kelele itaisha nayo haina heshima zaidi ya sabuni; tofauti yake ni bei.

Ukazaji wa mkanda nao una adabu yake. Mkanda wa umbo la V wa gari la zamani, ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu, hutarajiwa kuingia takriban sentimita moja. Ukikazwa kupita hapo hunyamaza kweli, lakini mzigo huhamia kwenye beringi za altaneta na za pampu ya maji, ambazo ni ghali kuliko mkanda. Injini ya 1HZ huzungusha vifaa vyake kwa mikanda miwili iliyo sambamba, nayo hubadilishwa kwa jozi, kwa kuwa mpya ukiwekwa pamoja na uliovutika hubeba kazi peke yake na kufa mapema. Kukagua mkanda kwa kutafuta nyufa pekee hakutoshi siku hizi, maana mikanda ya mpira wa aina mpya haipasuki kama ile ya zamani. Huisha taratibu kama tairi, mifereji yake ikipanuka huku uso ukibaki mzuri wa kutazama.

Mkanda ukishukiwa na bado shaka ikabaki, huvuliwa na injini kuwashwa bila huo. Mlio ukiendelea, vyote vinavyozungushwa na mkanda vimeondolewa lawama. Ukitoweka, kila puli huzungushwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, na beringi mbovu hujitambulisha kwa mkwaruzo unaofika vidoleni kabla ya kufika masikioni. Jaribio hili lisizidi dakika moja, kwa sababu pale mkanda unapoendesha pampu ya maji, maji ya rejeta huacha kuzunguka na injini huanza kupata moto bila kitu cha kuipoza.

Chombo kinachothaminiwa zaidi katika gereji nyingi ni bisibisi ndefu, ambayo ncha yake hugusishwa kwenye chuma na mpini ukawekwa sikioni, ili mtikisiko usafiri ndani ya chuma bila kuchanganyika na kelele za nje. Kanuni yake inafanana na ya kifaa cha kusikilizia kifua alichokibuni tabibu Mfaransa René Laennec mwaka 1816, na hukumu yake pia inafanana: hakitoi jibu kwa kugusa mahali pamoja, bali kwa kulinganisha. Fundi anayegusa altaneta peke yake na kutoa uamuzi hajalinganisha chochote. Anayegusa altaneta, pampu ya maji, kishikilio cha kompresa, kisha kurudi kwenye altaneta, ndiye anayestahili kusikilizwa naye.

Milio ya kugonga ndani ya injini hudai uangalifu zaidi, kwa kuwa kosa la tafsiri huweza kuifungua injini nzima bure. Tapeti iliyolegea hutatarika juu, nyepesi na kavu kama cherehani. Gasketi ya manifoldi ya ekzosti iliyotoboka huiga mlio huohuo kwa ustadi mkubwa, ila husikika zaidi injini ikiwa baridi na hufifia chuma kinapopanuka kwa joto, huku alama ya masizi ikibaki kwenye kiungo. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda nayo hugonga asubuhi na kutulia baadaye. Beringi ya koni, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, hufanya kinyume: huzidi oili inapopata moto na kuwa nyepesi, na hujidhihirisha pale mafuta yanapoachiwa baada ya kukanyagwa. Beringi kubwa za krenki hutoa mlio mzito wa chini, kama mchi ndani ya kinu, hasa gari linapovuta mzigo mlimani. Katika dizeli ya zamani fundi hulegeza nati ya bomba la kila noseli kwa zamu, kwa tahadhari, kwani dizeli yenye mgandamizo huweza kupenya ngozi. Mlio wa kugonga ukitoweka kabisa noseli hushukiwa, ukipungua tu macho huelekezwa kwenye koni ya silinda hiyo. Gari lenye mlio wa namna hii halipelekwi Mtwara kwa kuendeshwa, kwa sababu kati ya injini inayogonga na injini iliyonoki pengine pana kilima kimoja tu.

Sikio hata hivyo lina mpaka wake, na mjuzi hutambulika kwa kuujua. Mnyororo wa taimingi wa Land Rover 109 unapovutika hukwaruza na kutoa onyo. Taimingi belti ya 1HZ, inayounganisha krenki na kamshafti, huweza kukatika bila kutoa mlio wowote kabla, na ikikatika valvu hugongana na pistoni. Ndiyo maana Toyota iliweka kwenye dashibodi taa iliyoandikwa T-BELT, inayowaka mita ya kilomita inapotimiza 100,000 katika matoleo mengi, na ambayo fundi huizima akishabadilisha mkanda. Taa hiyo hutegemea mita kufanya kazi. Katika gari ambalo kebo ya mita ilikatika miaka iliyopita haitawaka kamwe, na fundi mzuri, kabla ya kusikiliza chochote, huketi kwenye usukani na kutazama kama tarakimu zinasogea.