Kuisoma Randa

Fundi aliyenifundisha useremala hakupata kununua randa kuukuu bila kuifungua kwanza. Aliitandikia gazeti, akailaza ubavu ili kisu kisiguse chini, kisha akaanza: kibanio, kisu na kifuniko chake, halafu skrubu mbili za kile kitako cha chuma ambacho kisu hulalia. Kila kipande alikiweka mahali pake. Muuzaji akianza kutikisa mguu, fundi alimwambia bila kuinua macho, "Subiri kidogo, ndugu yangu. Bado ananieleza."

Siku ninayoikumbuka zaidi, aliyekuwa akieleza ni Stanley namba 5, randa ya inchi 14 ambayo maseremala wengi huanzia kazi. Mwenyewe aliapa kwamba ni ya zama za Mjerumani, na bei aliipandisha kwa ajili ya zama hizo. Mafuta na vumbi la mbao vilikuwa vimeigandia. Fundi alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akasugua taratibu tumbo la chuma. Herufi zikajitokeza moja moja: *Made in England*.

Stanley ni kampuni ya Marekani, ya mji wa New Britain, Connecticut. Ilianza kutengeneza randa Sheffield, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1930, baada ya kununua kiwanda cha J. A. Chapman. Wakati huo Mjerumani alishaondoka Tanganyika yapata miaka 20. Fundi hakumwita mtu mwongo. Alimgeuzia chuma mwangani wasome pamoja, akasema, "Hii ni ya Mwingereza. Nayo si haba."

Kwa randa zilizotoka Marekani, chuma husema mengi zaidi. Muundo wenyewe ni wa Leonard Bailey, fundi wa Boston. Kwenye randa za mbao za zamani kisu kilishushwa na kupandishwa kwa kugongwa nyundo. Hataza ya Bailey ya 1867 ikaleta gurudumu dogo la shaba ambalo kidole kimoja hulizungusha kazi ikiendelea. Stanley walinunua haki zake mwaka 1869. Ule mkono mdogo wa kusogeza kisu kushoto na kulia ulikuja 1885, na skrubu ya kusogeza kitako mbele na nyuma ikaja 1907. Ukikuta nyuma ya kitako tarehe tatu za hataza, ya mwisho ikiwa ya Aprili 1910, unashika randa iliyotengenezwa kati ya 1910 na 1918. Kisu chenye nembo ya moyo ni cha miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930. Moyo ule uliwekwa kumheshimu William Hart, mkuu wa kampuni. Mimi hupenda zaidi randa za Vita Kuu ya Pili. Shaba ilikuwa inatakiwa kwenye silaha, basi gurudumu likatengenezwa kwa mpira mgumu mweusi, na mpaka leo ukilizungusha unaigusa ile dhiki kwa vidole vyako.

Ila kisu hubadilishwa. Kifundo huvunjika, kibanio hupotea, na mtu huazima cha randa nyingine. Kwa hiyo anayejua haamini alama moja. Hutazama kama vipande vimezeeka pamoja: kama kutu ya kisu inalingana na kivuli cha kifuniko chake, kama rangi nyeusi ya kitako imechakaa sawasawa na ya tumbo, kama vichwa vya skrubu vimetafunwa na bisibisi isiyo saizi yake. Hii ndiyo sehemu ya kazi inayonivutia kuliko zote, kwa sababu hakuna jedwali la tarehe linaloweza kuifanya kwa niaba yako. Inataka macho yaliyokwisha kuona randa nyingi.

Na umri si thamani. Namba 4 na namba 5 zilitengenezwa kwa wingi mno, hata ya miaka 100 haina bei ya kutisha. Namba 1, kadogo ka inchi tano na nusu, wakusanyaji hukalipia zaidi ya dola 1,000, na kwa sababu hiyo bandia zake ni nyingi. Seremala hahitaji hako. Yeye hutazama mdomo wa randa, pale penye upenyo wa kisu, maana ndipo chuma cha kusubu hupasuka chombo kinapoanguka. Fundi wetu alilining'iniza tumbo tupu kwenye kidole na kuligonga kwa kucha: zima hulia, lililopasuka hutoa sauti ya chungu chenye ufa. Kisha seremala hupima urefu wa kisu kilichobaki, na kukigeuza mgongo. Kutu ya juu juu hutoka, lakini iliyochimba vishimo karibu na makali itakusumbua kila unaponoa. Mpini uliovunjika si hoja. Mwingine huchongwa kwa mninga.

Kinachoniuma ni randa iliyopitishwa brashi ya waya ya mashine mpaka ikang'aa kama sufuria mpya. Aliyefanya hivyo alidhani anaongeza bei, kumbe amefuta rangi iliyookwa kiwandani pamoja na ushahidi wote.

Kosa jingine nimelikuta kwenye patasi. Mtu husoma *Cast Steel* karibu na shingo, akadhani ni chuma cha kusubu kama cha jiko, akaitupa kwenye rundo la vyuma chakavu. Maneno yale yanataja feleji iliyoyeyushwa ndani ya chungu cha udongo, njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman Sheffield katika miaka ya 1740. Huntsman alikuwa fundi saa, akitafuta chuma safi cha springi. Patasi ile huenda ni ya karne ya 19, na ukiinoa vizuri inakata mvule bila kelele.

Stanley ile fundi aliichukua, kwa bei ya randa ya Mwingereza. Jioni alikinoa kisu chake, akapaka wayo mafuta kidogo kwa kitambaa, akabana kipande cha mninga mezani. Pito la kwanza lilitoa vumbi. Alizungusha gurudumu robo, akasukuma tena, na maranda yakapanda kupitia mdomoni, membamba, marefu, yakijikunja juu ya kiganja chake. Akaokota moja, akalinyoosha mbele ya taa ya karakana, tukaona mwanga ukipenya.