Hekima Isiyo na Jirani: Odera Oruka na Mipaka ya Akili Mnemba

Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alifariki mwaka 1995, miaka mingi kabla akili mnemba haijaingia katika ofisi za wachungaji wetu. Hata hivyo kitabu chake cha mwaka 1990, juu ya falsafa ya wenye hekima, chastahili kusomwa upya. Humo aliwasikiliza wazee wa Kenya, akawagawa katika makundi mawili: wanaoyatunza na kuyakariri mapokeo ya jamii yao, na wanaoyapima mapokeo hayo na kuthubutu kuyakosoa.

Wako watakaosema kwamba mgawanyo huu watosha kuiwekea mashine mpaka, kwa kuwa yenyewe hukariri tu yaliyoandikwa na watu. Sisi hatukubali upesi. Ukiiagiza ikosoe, hukosoa. Ukiitaka itetee, hutetea. Kwa kipimo cha hoja peke yake, yaweza kuhesabiwa miongoni mwa wachambuzi. Lakini Oruka alidai jambo la pili, ambalo ni rahisi kulipita: mwenye hekima hushughulika daima na masuala ya maadili ya jamii yake.

Uzito wa dai hili tuliuona Murusagamba, wilayani Ngara. Mwanafunzi mmoja wa theolojia alisoma mazishini hotuba iliyotungwa na mashine. Mafundisho yake yalikuwa safi na Kiswahili chake fasaha. Baada ya ibada mzee mmoja alituuliza: je, aliyeitunga alimfahamu marehemu? Hatukuwa na jibu. Mzee yule hakupima sarufi wala mafundisho. Alitaka kujua ni nani atakayerudi kesho katika nyumba ile kulisimamia neno lililonenwa.

Kwa hiyo twaona kwamba urithi wa Oruka ni dhaifu pale unapotegemea mno uchambuzi, na ni imara pale unapomweka mwenye hekima kati ya watu wake. Mashine haina jirani. Haiaibiki kwa neno lake, wala haitubu. Yaweza kutusaidia kutafuta aya na kulinganisha tafsiri, nasi tusiikatae kwa hofu. Lakini mhubiri asomaye mimbarani neno asilolihangaikia hana nafasi katika kundi lo lote la Oruka, maana hakuyatunza mapokeo wala hakuyapima. Wanafunzi wetu hawana budi kuketi kwanza na wafiwa, ndipo waandike.